Nani Ataanua?

Dagaa wangu sijawahi kumkabidhi mtu. Nalisema hili mapema ili nisionekane mzembe. Kwetu Mchenga, kitongoji kidogo cha ufukweni upande wa Lipingo, mtu hakuwa na haja ya kuaga kwamba anatoka na kuomba aangaliziwe vitu vyake. Ukishaanika dagaa kwenye kichanja, wako mikononi mwa yeyote aliyebaki nyumbani. Wingu likitokea ng'ambo, upande wa Malawi, anayeliona kwanza ndiye anayeanza kuanua. Haulizi ni wa nani. Anaanza na wa karibu, anakwenda kwa wanaofuata, na wenzake wakisikia mabeseni yanagongana nao wanatoka. Mvua ikipita, mwenyewe anawakuta wamefunikwa turubai, anawaanika upya. Asante hatukuwa tukisema, maana kwa msimu mmoja ungesema mara ngapi?

Mimi Hilaria nimeanua dagaa wa watu ambao sikuwa nasalimiana nao. Mwaka mmoja mimi na Tadea, jirani yangu wa mkono wa kushoto, tulinuniana miezi mitatu kwa sababu ya jogoo. Jogoo lenyewe lilikuwa bovu, halina hata nyama. Siku moja nikiwa sokoni Liuli mvua ikashuka, na niliporudi nikakuta vichanja vyangu vitatu vyote viko vitupu, dagaa wamerundikwa jikoni kwangu na kufunikwa vizuri. Tadea alikuwa mlangoni kwake anakamua kanga. Hakunisemesha, nami sikumsemesha. Ugomvi wa jogoo uliendelea kama kawaida mpaka Pasaka.

Basi lami ikafika Mbamba Bay. Kabla ya hapo, kutoka Mbinga kushuka kwetu ilikuwa safari ya kumwombea mtu. Baada ya lami watu wakaanza kuja Jumamosi na magari safi, wanashuka, wanavua viatu, wanasimama kwenye mchanga wetu na kusema, "Jamani, kumbe kuna pazuri hivi." Jumamosi inayofuata wanarudi na mtu wa kupima.

Wapo wanaopenda kusimulia kwamba tulifukuzwa. Hatukufukuzwa. Nyumba zilikuwa kumi na moja, na nane ziliuzwa na wenyewe, kwa akili zao timamu. Mmoja alikuwa na mtoto chuoni, mwingine alikuwa na mgonjwa, mwingine alichoka tu kuamka alfajiri kupokea mitumbwi. Tadea aliuza akaenda kwa binti yake Mbaha. Siku anaondoka aliniachia kinu, akaniambia, "Na wewe usichelewe, utabaki unaongea na mbuzi." Nikamjibu kwamba mbuzi wana adabu kuliko yeye. Alipopanda gari nililia, na sioni aibu kulisema.

Nilikuwa na jambo moja tu nililolitaka. Nilitaka kuzeekea Mchenga, kwenye vichanja vyangu vitatu alivyonijengea marehemu mume wangu, Bernadi. Kulikuwa na bwana mmoja anaitwa Henry, mtu wa Songea, aliyekuwa akikusanya viwanja vya ufukweni ili ajenge nyumba ya wageni. Mtu mpole, shikamoo yake ndefu, anakuja kila mwezi na kilo ya sukari. Sukari nilikuwa napokea. Kiwanja nikamwambia asahau, kwamba mimi pale nitatoka nimebebwa.

Kwenye kiwanja cha Tadea palijengwa nyumba ya Ambokile, ofisa wa serikali kutoka Mbeya, na mkewe Loveth. Nyumba nzuri, ina vigae vyekundu na baraza pana linalotazama ziwa. Ukuta waliuweka pande tatu, upande wangu ukawa mfupi, wa kifuani, ili usizibe mandhari. Kwa hiyo tulikuwa tunaonana. Yeye ananiona nikigeuza dagaa, mimi namwona akibadilisha mapazia. Yalikuwa mengi mno mapazia yale. Nikampa jina la Mama Pazia, na mpaka wavuvi wakalishika.

Mwezi wa pili tangu wahamie, Loveth alikuja kwangu na mtoto mgongoni. Akapiga magoti kidogo, kama wafanyavyo kwao.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu."

Hakukaa. Akazunguka zunguka na maneno, mara hali ya hewa, mara mtoto anakohoa, halafu ndipo akasema, "Samahani sana mama, nilikuwa naomba kama inawezekana, hivi vichanja visogezwe kidogo upande ule. Harufu inaingia mpaka sebuleni."

Angekuja siku nyingine huenda ningesogeza. Vichanja ni miti na wavu kuukuu, si jengo. Lakini ilikuwa wiki hiyohiyo nyumba ya nane iliuzwa, na moyo wangu ulikuwa umechacha. Nikamwambia, "Mwanangu, harufu ilikuwepo hapa kabla ya sebule. Labda sebule ndiyo isogezwe." Kisha nikaongeza, na hili ndilo ninalolijutia, "Na nisije nikakuta mtu amenigusia vichanja vyangu."

Aliinamisha kichwa, akasema "Sawa mama, nimekuelewa," akaondoka. Jioni nikawasimulia wavuvi, wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Nilijiona bingwa. Tangu siku hiyo ikawa shikamoo na marahaba juu ya ukuta, miaka miwili.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Novemba, giza la mwezi, wakati wa kuvua kwa taa, lilikuwa limetoka na dagaa wengi kuliko nilivyowahi kuona kwa miaka mitano. Nilijaza vichanja vyote vitatu, wengine nikawatandaza kwenye nyavu chini. Mzigo ule ndio ungenivusha mpaka Machi. Asubuhi nikiwa bado nageuza, simu ikaita. Mdogo wangu Joakim, anayelima kahawa Litembo, alikuwa ameanguka na bodaboda kwenye mteremko, amelazwa hospitali, anafanyiwa upasuaji wa mguu. Nikavaa gauni juu ya gauni, nikachukua kikapu, nikakimbilia barabarani. Gari la Mbinga lilikuwa limeshajaa, dereva akanisogezea nafasi nusu.

Dagaa niliwaacha pale pale juani. Sikumwambia mtu. Si kwamba nilisahau kuwa majirani wameondoka, nilikuwa nawahesabu kila siku nikipita mbele ya mageti mapya ya viwanja vyao. Ila mwili wangu ulikuwa haujapata habari. Miaka thelathini nimetoka pale bila kuaga, na siku hiyo nilitoka vilevile. Zilikuwa zimebaki nyumba tatu za zamani. Yangu, ya mzee Placidi ambaye macho yamefunga, na ya Meshack, ambaye wiki hiyo alikuwa amekwenda na mkewe shambani mlimani.

Litembo nilimkuta Joakim ametoka chumba cha upasuaji, analalamika njaa, nikajua atapona. Nililala kwao. Kesho yake saa nne, nikiwa Mbinga stendi nasubiri gari, mtu mmoja aliyetoka Mbamba Bay akasema, "Huko ziwani jana mchana ilinyesha, acha kabisa." Hapo ndipo akili ilinijia. Njia nzima sikumsikiliza mtu.

Sina haja ya kueleza sana nilichokikuta. Dagaa waliolowa wakapigwa na jua la siku ya pili wakiwa wamerundikana, kila mtu wa ziwani anajua wanavyokuwa. Walikuwa wamegandana, wamegeuka rangi, nzi wamewafunika. Wa chini kwenye nyavu walikuwa wamesombwa na maji mpaka ukutani kwa Loveth, wamelala pale mstari mrefu mweupe. Nilisimama, nikashindwa hata kuanza.

Loveth akatokea barazani kwake. Akashuka, akaja mpaka ukutani.

"Shikamoo mama. Pole sana, mama."

"Pole ya nini?" Nilimgeukia. "Jana ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo."

"Uliona mvua?"

"Niliona, mama. Niliiona tangu iko mbali."

"Ukafanya nini?"

"Nilisimama pale," akasema, akionyesha baraza. "Nilikuita mara mbili. Nilipoona hutoki nikajua hupo."

Nilimpigia kelele. Nilimwambia maneno ambayo hayafai kumwambia mama mwenye mtoto mdogo. Nikamwambia dagaa wa watu wanalowa yeye anatazama kama sinema, kwamba ana moyo wa sementi kama ukuta wake, kwamba Tadea hata tukiwa tumegombana alinianulia mpaka akalowa nguo zote. Mzee Placidi akatoka na fimbo yake akiuliza kuna nini. Loveth hakunijibu mpaka nilipoishiwa pumzi.

"Mama, uliniambia nisiguse," akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Nilifika mpaka hapa ukutani na beseni. Nikasema, nikiingia kwake nikagusa, akirudi akakuta wamepungua atasema nimechukua. Wakiharibika mikononi mwangu atasema nimeharibu kwa sababu ya harufu. Nikarudi ndani. Sikujua kama hapa watu wanaanuliana. Ungeniambia tu, mama. Hakuna aliyewahi kuniambia."

Beseni lilikuwa bado liko pale chini upande wake wa ukuta, la bluu, limejaa maji ya mvua.

Nilikaa siku nne nikizika dagaa shimoni. Hasara yenyewe ningeivumilia, nimeshapoteza mizigo mingine, ziwa lina tabia zake. Kilichonikata ni kuelewa kwamba nilichokuwa nakilinda hakipo. Nilidhani Mchenga ni mchanga na vichanja na kaburi la Bernadi, nikabana pale nikajisifu kwamba sijauza. Kumbe Mchenga ilikuwa ni Tadea kusikia beseni langu. Sasa ningekwenda wapi tena? Nikienda msibani, nani ataanua? Nikiumwa, nani ataanua? Ningebaki mlinzi wa dagaa wangu mwenyewe, kutwa kwenye kigoda, macho ng'ambo. Siku ya tano Henry alipokuja na sukari yake, nilimwambia alete karatasi.

Siku ya kuhama, Loveth alikuja akanisaidia kufunga vyombo. Hatukuongea mengi. Aliosha masufuria, akayafuta moja moja kwa kitambaa, mimi nikimwangalia na kufikiri kwamba mikono ile ingefaa sana kugeuza dagaa. Gari lilipokuwa tayari akanipa turubai jipya, la kijani, bado liko kwenye nailoni.

"La kufunikia," akasema.

Nililipokea nikalitupa juu ya mzigo. Nikasema, "Haya." Nilikuwa na mengi ya kumwambia, ikiwa ni pamoja na kuomba radhi, nikayameza yote kwa ajili ya kiburi. Namba yake ya simu sikuchukua.

Nilinunua nyumba ya vyumba viwili Mbinga mjini, mtaa wa pembeni, kwenye mteremko. Nilichagua Mbinga kwa sababu ya soko na kwa sababu ya kuwa karibu na Joakim. Wenye nyumba walikuwa familia ya Kimatengo iliyokata shamba lake la kahawa kuwa viwanja, wakauza kimoja kimoja mpaka wakahamia kijijini. Jirani yangu aliyebaki kwenye shamba lile la zamani alikuwa mama mmoja wa umri wangu, Rosina, mwenye mibuni iliyobanwa kati ya nyumba mpya nne. Kahawa yake ilikuwa inaanikwa nyuma ya nyumba yake, kwenye vichanja vya miti na wavu. Nilipoviona mara ya kwanza nilisimama nikavitazama, naye akatoka akasimama akanitazama mimi.

Mimi niliendelea na biashara yangu. Mzigo unaletwa na gari kutoka ziwani, lakini Mbinga kuna ukungu, dagaa wanashika unyevu, ikabidi niwe nawaanika tena uani kabla ya kupeleka sokoni. Wiki ya pili Rosina akaniita kwenye uzio wa matete.

"Mama, hivi hiyo harufu itakuwepo kila siku?"

Nilicheka peke yangu mpaka akadhani namdharau. Nikamwambia nitawasogeza, na kweli nikawasogeza siku hiyohiyo, hadi nyuma ya choo. Hakuonekana kuridhika. Baadaye nikasikia kwa muuza mkaa kwamba mtaani naitwa Mama Usipa, kwa jina la Kinyasa la dagaa. Nadhani nilistahili.

Miezi ikaenda hivyo, habari za asubuhi, nzuri, basi. Ikafika Oktoba mwishoni, mavuno ya mwisho. Rosina alikuwa ametandaza kahawa yake ya mwaka mzima ambayo bado haijakauka sawasawa, akafunga mlango, akaenda kanisani kwenye mkutano wa akina mama. Mimi nilikuwa uani nachambua mchele. Nikanyanyua macho, nikaona juu ya mlima kumekuwa kweusi.

Niseme ukweli, sikusimama mara moja. Nilifikiri kwanza. Nilifikiri yule mama hanipendi. Nilifikiri nikigusa kahawa yake ikapungua hata kisahani, mtaa mzima utaambiwa nani alionekana pale. Watu walishaniambia kwamba msimu uliopita aliibiwa magunia mawili na mpaka leo anamshuku kila mtu. Nilikuwa nimekaa na ungo mapajani, na nikamwona Loveth amesimama na beseni la bluu ukutani, mguu mmoja mbele. Nilimwona vizuri kuliko siku alipokuwa mbele yangu.

Nikatupa ungo. Nikachukua mabeseni, nikavuta lile turubai la kijani ambalo nilikuwa sijalifungua, nikalichana nailoni kwa meno. Nikapita kwenye uzio, matete yakanichana mkono. Nilianza na kichanja cha karibu. Kahawa si dagaa, ni nzito na inateleza, lakini mikono haikuhitaji kufundishwa. Matone ya kwanza yalikuwa yanapiga bati nilipokuwa kichanja cha tatu.

"Wewe!" Rosina alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba yake, ameshika viatu vyake vya kanisani mkononi, amekimbia. "Wewe mama wa dagaa! Nani kakuambia uguse kahawa yangu? Watu! Njooni mwone!"

Mlango mmoja ukafunguka mtaani, halafu mwingine. Hasira ilinipanda, mnanijua. Majibu yalikuwa matatu mdomoni, yote makali. Nikayameza, na safari hii si kwa kiburi.

"Shika huku," nikamwambia, nikimtupia pembe ya turubai. "Utanitukana tukimaliza. Mvua haitusubiri."

Alisita. Aliangalia mabeseni yaliyojaa, akaangalia vichanja viwili vilivyobaki na kahawa, akaniangalia mkono unaotoka damu. Kisha akaviachia viatu kwenye matope, akashika pembe. Tulifunika pamoja, tukakandamiza kwa mawe, na mvua ikashuka yote tukiwa tumeinama juu ya kahawa yake. Waliofungua milango wakarudi ndani.

Tulijibana chini ya upenu wa jiko lake, tumelowa. Alikuwa anahema. Aliitazama kahawa muda mrefu, kama anayetafuta iliyopungua, na mimi nikamwacha atafute.

"Kwa nini?" akaniuliza hatimaye.

Nilikuwa nimechelewa kuyasema maneno hayo mwaka mzima, na niliyekuwa nadaiwa kumwambia alikuwa mbali, kwenye baraza linalotazama ziwa. Nikamwambia aliyekuwa karibu.

"Naitwa Hilaria. Naanika nyuma ya choo changu. Siku ukiona wingu na mimi sipo, usiniite, usiogope, usingoje. Anua."